Panya, Pange na Majina: Historia Fupi ya Ujuzi wa Homoni za Uzazi

Neno homoni limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule na magazeti ya Kiswahili, na wapo wapendao kusema kichocheo badala yake. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nao husema kwamba ng'ombe yuko katika joto, na kila mwenye zizi huelewa mara moja maana yake. Maneno hayo, moja la kigeni na mengine ya kwetu, yahusu jambo moja, yaani mzunguko wa uzazi wa mnyama wa kike na nguvu ziuendeshazo. Nia ya makala hii ni kueleza jinsi ujuzi wa mzunguko huo ulivyopatikana, hasa kwa kumchunguza panya jike wa maabara, na kuonyesha jinsi majina waliyoyachagua mabingwa yalivyowaongoza mara nyingine na kuwapoteza mara nyingine.

Mwandishi si mtaalamu wa elimu ya viumbe. Kazi yake ni lugha. Lakini historia hii ina funzo kwa wote wanaopewa kazi ya kubuni istilahi, kwa kuwa ndani yake twaona wazi kwamba jina likipewa kitu kabla kitu chenyewe hakijajulikana sawasawa, jina hilo huweza kuishi muda mrefu kuliko ushahidi uliolizaa.

Kwanza yafaa kuondoa utata mmoja. Kiswahili husema panya kwa wanyama wawili ambao wataalamu huwatenganisha. Katika makala hii panya ni yule mkubwa, na kipanya ni yule mdogo wa majumbani. Panya wa maabara ni mzao wa panya wa kahawia, naye hufugwa kwa vizazi vingi mpaka tabia zake zikajulikana vizuri. Chuo cha Wistar katika mji wa Philadelphia, Marekani, ndicho kilichojipatia sifa ya kuzalisha panya weupe wa namna hiyo tangu mwanzo wa karne ya ishirini.

Ujuzi wa nguvu hizi ulianza kabla ya jina lake. Katika mwaka wa 1849 Arnold Berthold, wa mji wa Göttingen huko Ujerumani, aliwahasi majogoo sita. Alipowarudishia baadhi yao korodani tumboni, mahali pasipo pake, waliendelea kuwika, kupigana na kuwatafuta mitetea. Mishipa ya fahamu ya zamani ilikuwa imekwisha kukatwa. Basi ilionekana kwamba kuna kitu kilichopita katika damu. Karibu miaka hamsini baadaye, huko Vienna, Emil Knauer alifanya jambo kama hilo kwa sungura wa kike: alizihamisha ovari zao, na mfuko wa uzazi haukunyauka kama unyaukavyo ovari zinapoondolewa kabisa. Hata hivyo kitu hicho cha damuni hakikuwa na jina. Katika mwaka wa 1905 Ernest Starling, akihutubia madaktari mjini London, alitumia neno homoni, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kuamsha. Kwa hiyo anayesema kichocheo hajapotoka: ameyafasiri yale ambayo Starling mwenyewe aliyakusudia.

Neno la pili lilikuwa na asili ya namna nyingine. Katika mwaka wa 1900 Mwingereza Walter Heape alitoa makala juu ya majira ya uzazi ya wanyama wanyonyeshao, akayapanga majira hayo katika vipindi: kipindi cha maandalizi, kipindi cha joto lenyewe, kipindi cha baada ya joto, na kipindi cha utulivu kabla ya mzunguko mwingine. Vyote alivipa majina yatokanayo na neno moja la Kigiriki, oistros. Neno hilo maana yake ya kwanza ni pange, yule nzi mkubwa aumaye ng'ombe hata wakakimbia ovyo malishoni. Na kwa maana ya pili ni wazimu au kichaa kinachomshika mtu. Hivyo hali ya kawaida ya mnyama wa kike, irudiayo kwa taratibu zake bila kukosa, ikaandikwa katika elimu kwa jina la wazimu. Mfugaji wa kwetu asemaye joto ametaja alichokiona kwa mnyama. Aliyesema pange ametoa na hukumu ndani yake.

Kwa miaka kadhaa baada ya Heape shida ilikuwa moja. Mzunguko wa mbwa au wa farasi huonekana kwa macho, lakini wa wanyama wadogo wa maabara hauonekani kwa urahisi. Ufunguo ulipatikana New York. Charles Stockard na George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani katika mwaka wa 1913, walikuwa wakiwachunguza simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia. Papanicolaou alihitaji kujua yai limefikia wapi bila ya kumwua mnyama kila mara. Akatumia chombo kidogo cha kutazamia pua, akachukua ute wa uke siku baada ya siku, akaupaka juu ya kioo na kuutazama kwa hadubini. Akaona ya kuwa chembe zilizomo katika ute hubadilika kwa mpango, na mpango huo hurudi kila baada ya siku kumi na sita hivi. Makala yao ilitoka mwaka wa 1917. Ndiyo njia ile ile ambayo baadaye Papanicolaou aliielekeza kwa wanawake ili kuitambua saratani ya shingo ya kizazi mapema, na mpaka leo kipimo chenye jina lake hufanywa hospitalini, pamoja na hospitali za Afrika ya Mashariki.

Njia hii ikaenea upesi. Katika mwaka wa 1922 Edgar Allen aliandika juu ya mzunguko wa kipanya, na mwaka huo huo Joseph Long na Herbert Evans, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, wakatoa kitabu chao kikubwa juu ya mzunguko wa panya. Waliyoyaeleza yamesimama hata leo. Mzunguko wa panya jike huchukua siku nne au tano tu. Katika kipindi cha maandalizi, ambacho ni kama nusu siku, ute hujaa chembe za mviringo zenye viini. Katika joto, siku moja hivi, chembe hizo hugeuka magamba makavu yasiyo na kiini. Ndicho kipindi jike anapomkubali dume. Kisha, kwa saa chache, chembe nyeupe za damu huanza kuingia, na katika kipindi cha utulivu, ambacho hupita siku mbili, hizo chembe nyeupe ndizo nyingi. Halafu mambo huanza upya. Tena waligundua kwamba mlango wa mfuko wa uzazi ukiguswa kwa kijiti cha kioo, mzunguko husimama karibu majuma mawili, kana kwamba panya ameshika mimba.

Faida ya kazi hii ilikuwa kubwa. Kwa tone la ute na hadubini, mtu aliweza kujua bila ya kumdhuru mnyama ni jambo gani linaendelea ndani ya mwili wake. Kwa mara ya kwanza ilipatikana alama ya nje ya nguvu iliyofichika ndani.

Allen, akiwa katika mji wa St. Louis pamoja na mkemia Edward Doisy, aliigeuza alama hiyo kuwa mizani. Katika mwaka wa 1923 walichukua maji yaliyomo katika vifuko vya mayai vya nguruwe jike, wakayasafisha, wakawachoma sindano panya na vipanya waliokwisha kuondolewa ovari. Wanyama hao, ambao hawakuwa na mzunguko tena, wakaonyesha magamba ya joto katika ute wao. Basi kitu chenyewe kilikuwamo katika maji yale, na kiasi chake kiliweza kupimwa: kiasi kidogo kabisa kiwezacho kumtia joto panya asiye na ovari kikaitwa kipimo kimoja cha panya. Mnyama akawa mizani ya mkemia.

Mashindano yakafuata. Katika mwaka wa 1927 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, wa Berlin, walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba umejaa homoni hiyo, na tangu hapo wakemia hawakutegemea ovari za machinjioni peke yake. Katika mwaka wa 1929 Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Göttingen, kila mmoja kwa njia yake, walipata fuwele safi za kwanza. Namna iliyo kali zaidi ilipatikana na Doisy na wenzake katikati ya miaka ya 1930, nao walihitaji tani nne za ovari za nguruwe ili kupata miligramu 12 hivi tu. Wakati huo kila maabara na kila kiwanda kilikuwa na jina lake kwa kitu hicho. Wengine waliliunda jina kutoka neno la Kigiriki la mwanamke, wengine kutoka neno la kifuko cha yai, na Waingereza kutoka neno lile lile la pange. Hata vipimo havikulingana, kwa kuwa panya wa mji mmoja hawakuwa sawa na panya wa mji mwingine. Katika mwaka wa 1932 mabingwa walikutana London chini ya Shirikisho la Mataifa, wakaafikiana kipimo kimoja cha kimataifa kilichosimama juu ya uzani wa fuwele safi. Na katika ushindani wa majina, pange ndiye aliyeshinda: twasema estrojeni, yaani kizaa-pange, au kizaa-wazimu.

Pamoja na jina hilo la kitaalamu likaenea jina jingine la kawaida, homoni ya kike. Hapa ndipo tuonapo madhara ya jina linalotangulia uchunguzi. Mabingwa wengi, mmoja wao Eugen Steinach wa Vienna, walidhani kwamba homoni ya kiume na homoni ya kike ni maadui, zikikutana katika mwili mmoja hupigana. Dhana hii haikutoka kwa panya. Ilitoka katika fikira za watu juu ya mume na mke. Huko Chicago, Carl Moore na Dorothy Price waliwachoma panya homoni zote mbili wakazitazama athari zake kwa makini. Hawakuona vita. Waliona kwamba homoni ya ovari au ya korodani ikizidi, huituliza tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo tezi ikitulia, ovari na korodani hunyimwa kichocheo chao. Katika maelezo yao ya mwaka 1932 wakasema kwamba baina ya tezi hizo kuna athari ya kwenda na kurudi. Maarifa yote ya leo juu ya homoni za uzazi, pamoja na vidonge vya kupanga uzazi vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960, yamejengwa juu ya msingi huo.

Miaka miwili baadaye Zondek, ambaye alikuwa ameondolewa kazini Berlin katika mwaka wa 1933 kwa kuwa alikuwa Myahudi, alitangaza jambo lililowashangaza wengi. Alipima mkojo wa farasi dume, akakuta umejaa estrojeni kwa wingi mno. Ile homoni ya kike ilikuwa tele katika mnyama ambaye watu hawakuwa na shaka yo yote juu ya udume wake. Siku hizi twajua kwamba mwili huiunda estrojeni kutokana na testosteroni yenyewe, na kwamba jike na dume wote wanazo zote mbili, tofauti ikiwa katika kiasi, mahali na wakati. Hata hivyo jina homoni ya kike halikufa. Wasomaji wetu hulikuta mpaka leo katika vitabu.

Lilibaki swali la nani aushikaye mzunguko wenyewe. Ovari zilionekana kuwa ndizo zenye amri, lakini Philip Smith, katika miaka iliyofuata 1926, aliiondoa pituitari ya panya kwa upasuaji mwepesi usiouharibu ubongo, na ovari zikanyauka. Alipoirudisha kwa vipande vya tezi ya panya mwingine, zikafufuka. Basi amri ikahamishiwa kwa pituitari, na baadhi ya watu wakaiita kiongozi wa tezi zote. Jina hilo nalo halikudumu. Katika mwaka wa 1952 Geoffrey Harris, Mwingereza, na Dora Jacobsohn, aliyekuwa akifanya kazi Sweden, waliwaondolea panya majike pituitari zao, kisha wakapandikiza tezi nyingine. Ilipopandikizwa chini ya sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, mahali penye mishipa midogo ya damu itokayo ubongoni, mzunguko ulirudi, na baadhi yao wakashika mimba. Ilipopandikizwa mahali pengine chini ya ubongo, mzunguko haukurudi. Kiongozi alikuwa mpokeaji wa amri. Kichocheo cha ubongo kinachoiamsha pituitari kilitambuliwa katika mwaka wa 1971, nacho kikawaletea Andrew Schally na Roger Guillemin nishani ya Nobel katika mwaka wa 1977.

Jaribio jingine lastahili kutajwa, kwa kuwa lilionyesha kwamba ubongo hufanya kazi hii kwa saa. John Everett na Charles Sawyer, katika mwaka wa 1950, waliwapa panya majike dawa ya usingizi siku ya maandalizi. Waliopewa kabla ya saa nane mchana hawakutoa yai usiku ule. Waliopewa baada ya saa kumi alasiri walilitoa kama kawaida. Na wale waliozuiwa walilitoa yai usiku wa kesho yake, kama kwamba ubongo ulingoja saa zile zile zirudi. Leo twaeleza hivi: estrojeni ikiwa kidogo huituliza pituitari, lakini ikipanda na kudumu juu, athari yake hugeuka ikawa ya kuchochea, na katika alasiri ya maandalizi, kwa ishara ya saa ya ubongo, tezi humwaga kwa wingi homoni ilitoayo yai. Usiku, saa chache baadaye, mayai hutoka. Mnyama aliyeitwa mwenye wazimu alikuwa akitunza saa kuliko watu wengi.

Yaliyosemwa mpaka hapa yaweza kuonekana kuwa mambo ya maabara tu. Lakini matokeo yake yaliwafikia watu. Katika mwaka wa 1938 Charles Dodds wa London na wenzake walitengeneza kwa kemia dawa iitwayo stilbestroli. Haikufanana sana kwa umbo na homoni ya asili, lakini ilipojaribiwa kwa panya walioondolewa ovari, magamba ya joto yalionekana, tena kwa kiasi kidogo sana cha dawa, hata ikitiwa kinywani. Mizani ya panya ikatoa cheti: hii ni estrojeni. Ilikuwa rahisi, haikuwa na haki za mwenyewe, ikatengenezwa na viwanda vingi. Huko Marekani iliruhusiwa mwaka 1947 kwa wanawake wenye mimba, kwa kudhani kwamba itazuia mimba kuharibika. Jaribio kubwa lililofanywa Chicago na kutangazwa mwaka 1953 lilionyesha kwamba haina faida hiyo. Walakini madaktari waliendelea kuitoa. Katika mwaka wa 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston waliandika juu ya wasichana wanane waliopatwa na saratani ya uke ya namna isiyoonekana kwa vijana. Mama wa saba kati yao walikuwa wametumia stilbestroli walipokuwa na mimba zao. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikaonya isitumiwe tena kwa wenye mimba.

Panya hakudanganya. Aliulizwa swali moja tu, kama kitu hiki chaleta magamba ya joto, naye akajibu ndiyo. Hakuulizwa kitamfanya nini mtoto aliye tumboni. Waliolichukua jibu la swali moja kuwa jibu la maswali yote ni watu, na jina estrojeni liliwasaidia kufanya hivyo. Maana vitu viwili vikiisha kuitwa kwa jina moja, ni rahisi kusadiki kwamba ni kitu kimoja.

Dhara la pili lilikuja kimya kimya. Mzunguko ambao Long na Evans waliueleza kwa uangalifu uligeuzwa na wengine kuwa udhuru. Ilisemwa kwamba jike ana siku nne za kubadilika, basi matokeo yake yatavurugika; afadhali kutumia madume peke yao. Uchunguzi wa Annaliese Beery na Irving Zucker, uliotolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba katika elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu, kazi zilizotumia wanyama madume tu zilizidi zilizotumia majike tu kwa mara tano na nusu. Dawa za wanawake zikapimwa kwa miili isiyofanana na yao. Halafu, mwaka 2016, Jill Becker na wenzake walikusanya kazi nyingi zilizokwisha kufanywa kwa panya, wakaona kwamba majike hawatofautiani baina yao kuliko madume watofautianavyo baina yao. Udhuru uliotumika miaka mingi haukuwa na msingi. Mwaka huo huo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilianza kuwataka waombao fedha za utafiti waeleze watakavyozingatia jike na dume wote wawili.

Basi historia hii yatuambia nini sisi wenye kazi ya lugha? Si kwamba tuyakatae maneno ya kigeni. Homoni ni neno jema, limekwisha kupata makao, na halimsingizii mtu jambo lo lote. Wala si kwamba kila neno la kwetu ni bora kwa kuwa ni la kwetu. Inatupasa tu kuuliza, kabla ya kulitia neno katika orodha ya istilahi, kama neno hilo lataja kitu au lakihukumu. Kwa mzunguko wa mnyama tunalo neno joto, lililotoka kwa watu wanaomtazama ng'ombe wao kila asubuhi, nalo latosha. Estrojeni tumekwisha kuipokea kwa sauti yake, na kwa bahati njema Kiswahili hakikumpokea pange pamoja nayo. Lakini mtungaji wa kitabu cha shule aandikaye homoni ya kike anampa mtoto kosa ambalo panya wa Chicago na farasi wa Zondek walikwisha kulisahihisha katika miaka ya 1930. Aandike homoni ya ovari, kama akitaja itokako kwa wingi, au aandike estrojeni, kama akitaja kitu chenyewe. Badiliko hilo halina gharama, na mwanafunzi atakayesoma hivyo hatakuwa na kosa la kufundishwa upya atakapokuwa daktari.